Sura ya Sita: Mtu wa Kamba na Hesabu ya Sifa

Mkumbara haina bahari. Ipo chini ya ukuta wa Usambara Magharibi, wilayani Korogwe, kando ya reli ya zamani inayotoka Tanga kwenda Moshi. Wasomaji wa historia wanaijua zaidi kwa mbao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitandaza nyaya angani kutoka misitu ya Shume hadi stesheni ya Mkumbara, na magogo yakateremshwa juu ya vichwa vya watu. Anayetaka habari za kamba angeshuka Pangani mjini au Tanga, asisimame hapa.

Lakini maji yanayoteremka upande huu wa mlima yanaishia Mto Pangani, na Pangani inaingia Bahari ya Hindi. Ndani ya mito ya pwani yetu wanaishi kamba wa jenasi ya Macrobrachium, wenye mikono mirefu yenye makucha. Wengi kati yao wana maisha ya pande mbili. Wakubwa hukaa mtoni, lakini mabuu wao hawakui mpaka wapate maji yenye chumvi, kwa hiyo hubebwa na mkondo hadi mlangoni mwa mto, na wakishapata umbo la kamba hupanda tena kuelekea juu. Wengine wa jenasi hiyohiyo humaliza maisha yao yote katika maji baridi bila kuiona bahari. Kwa macho ya mpita njia wote ni kamba wa mtoni. Kwa mtu anayejenga bwawa, tofauti yao ni kubwa. Pangani imefungwa zaidi ya mara moja: Hale mwaka 1964, kisha Nyumba ya Mungu huko juu, kisha kituo kipya cha Pangani miaka ya 1990. Ukuta wa zege ni kikwazo kwa kamba wa kundi la kwanza, na kwa wa kundi la pili huenda usiwe na madhara makubwa. Nani ni nani? Hapo ndipo anapohitajika mtu mmoja ambaye kazi yake maishani ni kuhesabu meno kwenye pembe ya kamba.

Korogwe yenyewe imo katika daftari la watu wa aina hiyo. Mwaka 1955 Rosemary Lowe, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alieleza perege kadhaa wapya wa Ziwa Jipe na Mto Pangani. Mmoja wao leo anaitwa Oreochromis korogwe. Zaidi ya miaka 60 baadaye, Asilatu Shechonge, Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na wenzao walipochunguza jinsi perege wa kuletwa walivyosambaa katika mito na maziwa ya nchi, walihitaji kwanza kujua wenyeji ni akina nani. Bila maelezo ya 1955, neno “mwenyeji” lingekosa mtu wa kusimama nyuma yake.

Sura hii inauliza swali moja: kazi ya mtu anayeainisha viumbe inapimwaje? Tutamfuata mtu wa kamba, kwa kuwa hesabu ya sifa ya kisayansi inamwonea yeye kuliko wengi.

Kamba ndani ya miiba

Jina lake ni Alexander James Bruce. Katika miaka ya 1970 anwani iliyoandikwa chini ya makala zake ilikuwa ya Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Baharini la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao Zanzibar na chombo cha utafiti kilichoitwa Manihine. Shirika hilo lilikuwa la nchi zetu tatu kwa pamoja, na kazi yake ya kwanza ilikuwa samaki wa kuliwa. Bruce aliangalia mahali ambapo mvuvi hana haja ya kuangalia.

Alichagua kundi la kamba wadogo, wengi wao wa urefu wa sentimita moja au mbili, wanaoishi juu ya wanyama wengine au ndani yao. Katika matumbawe ya pwani yetu kila mwenyeji ana wapangaji wake. Jongoo bahari ana kamba anayetembea mgongoni mwake. Kiti cha pweza ana wake, na hubadili rangi kufuata ngozi ya mwenyeji. Chaza ana kamba wanaoishi ndani ya gamba, mara nyingi dume na jike. Na yule mnyama mweusi wa mviringo mwenye miiba mirefu, ambaye ukimkanyaga utachechemea siku kadhaa, ana kamba mwembamba wa rangi ya kiza anayejinyoosha sambamba na mwiba hata asionekane. Bruce alimtaja mmoja wa hao mwaka 1967: Tuleariocaris zanzibarica. Mwaka huohuo akamtaja mwingine wa miiba hiyohiyo kwa jina la zanzibaricus.

Kumtaja kiumbe hakufanyiki kwa kumtazama tu na kumpa jina la kupendeza. Kamba akishafika mezani, mwainishaji huanza na pembe nyembamba inayochomoza kati ya macho: meno mangapi juu, mangapi chini, na yapo mangapi nyuma ya jicho. Kisha miguu jozi kwa jozi, vidole vya makucha, ncha za mkia, na viungo vidogo vya uzazi ambavyo mara nyingi ndivyo hutoa hukumu ya mwisho. Kila kiungo huchorwa kwa mkono kupitia hadubini. Kamba mmoja huteuliwa awe kielelezo cha kudumu cha jina hilo, hutiwa kwenye chupa ya spiriti na kuwekwa makumbusho, ili mtu yeyote mwenye shaka miaka 100 baadaye aende kumtazama yeye mwenyewe. Kisha mwainishaji husoma kila kilichowahi kuandikwa juu ya jenasi hiyo, kwa Kilatini, Kijerumani, Kifaransa au Kiingereza, tangu siku za Linnaeus na kitabu chake cha 1758, ahakikishe hakuna aliyemtangulia. Mtu wa kwanza kutaja kwa kufuata kanuni ndiye mwenye jina. Hata akiwa amekufa karne mbili zilizopita, haki yake haifutiki.

Mwaka 1976 Bruce alichapisha huko Leiden, Uholanzi, ripoti ya kamba wa Kenya. Mwaka huohuo alitoa sura ndefu juu ya kamba wa matumbawe na maisha yao ya upangaji, katika mkusanyiko mkubwa wa vitabu vya sayansi ya matumbawe. Baadaye alikwenda Australia, akaongoza kituo cha utafiti cha Heron Island kisha akafanya kazi katika makumbusho ya Darwin. Alianza kuchapisha miaka ya 1960, na katika miaka ya 2010 alikuwa bado anatoa spishi mpya. Wenzake wakampa heshima wanayopeana watu wa fani hiyo: jenasi nzima ya kamba ikaitwa Brucecaris.

Mizani inayopima upande mmoja

Mwaka 2005 mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, alipendekeza kipimo rahisi cha mwanasayansi. Mwenye makala 20 ambazo kila moja imerejewa na wengine mara 20 au zaidi, alama yake ni 20. Kipimo hicho kilienea upesi, kwa kuwa kinampa mkuu wa idara tarakimu moja ya kulinganisha watu wawili wanaogombea cheo. Majarida nayo hupimwa kwa hesabu ya namna hiyo: makala zake za miaka ya karibuni zimerejewa mara ngapi.

Mtu wa kamba hupungukiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni uchache wa wenzake. Mcheza kwao hutunzwa, na anayechunguza saratani anacheza mbele ya uwanja uliojaa. Wanaoandika juu ya kamba wapangaji wa matumbawe duniani kote wangeenea katika daladala moja. Hata wote wakimrejea kwa kila makala, tarakimu itabaki ndogo.

Ya pili ni mwendo. Hesabu za majarida hupenda marejeo ya miaka miwili mitatu tangu kuchapishwa. Maelezo ya spishi huanza kufanya kazi pale mtu mwingine anapomkuta kamba huyo tena, na huenda ikachukua miaka 30.

Ya tatu ndiyo dhuluma yenyewe. Chukua kambamiti mweupe wa pwani yetu. Jina lake kamili kisayansi ni Penaeus indicus H. Milne Edwards, 1837. Jina la Mfaransa huyo na mwaka wake huandikwa katika makala za uvuvi, ufugaji, magonjwa ya kamba na vyakula vya mifugo. Lakini kwa desturi, kitabu chake hakiingizwi kwenye orodha ya marejeo mwishoni, na mashine ya kuhesabu husoma orodha hiyo tu. Mtu anatajwa kila siku na hesabu yake inabaki sifuri.

Mwaka 2020 dhuluma hii iligeuka kashfa ya wazi. Zootaxa, jarida linalochapisha sehemu kubwa ya spishi mpya za wanyama duniani, liliondolewa kwenye orodha ya majarida yanayopewa kipimo, kwa sababu makala zake zilirejea mno makala nyingine za jarida hilohilo. Wanasayansi wa nchi nyingi wakapiga kelele: jarida likibeba mzigo mkubwa wa fani nzima, waandishi wake watarejea wapi kwingine? Uamuzi ulitenguliwa ndani ya wiki chache. Lakini mhadhiri kijana aliyekuwa akichagua kati ya kuainisha kamba na kufanya kitu kingine alikwisha kupata ujumbe wake.

Jina likiingia kwenye kanuni

Kama marejeo hayatoshi, tupime nini? Tufuate majina yanakokwenda baada ya kutoka makumbusho.

Lipke Holthuis alizaliwa Java mwaka 1921 na kufanya kazi Leiden hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2008 akiwa mmoja wa waainishaji wakubwa kabisa wa jamii ya kamba na kaa. Mwaka 1980 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilichapisha orodha yake ya kamba wa dunia wenye maana kwa uvuvi. Ndani yake kila spishi ina jina moja linalokubalika, majina ya zamani yaliyokufa, mchoro na mipaka ya makazi. Mwaka 1985 FAO ikatoa mwongozo wa Gabriella Bianchi wa viumbe wa kibiashara wa bahari ya Tanzania, kwa ajili ya maofisa wanaosimama mwaloni na kuandika kilichovuliwa. Michoro ya watu wa chupa za spiriti ikawa chombo cha ofisa uvuvi.

Kwenye nyavu za Saadani, Bagamoyo na delta ya Rufiji huingia spishi tano kuu. Penaeus indicus ndiye mwingi kuliko wote. Hukaa maji mafupi yenye tope na vifaranga wake hukulia mikokoni. Metapenaeus monoceros hupenda tope pia, lakini hutoka zaidi usiku. Penaeus monodon ndiye mkubwa, mwenye milia, anayeuzwa kwa bei ya juu. Penaeus semisulcatus hujifukia mchana, na vifaranga wake hutegemea zaidi majani ya bahari kuliko mikoko. Penaeus japonicus hupenda mchanga na hujifukia vilevile. Kanuni ya kuvua mchana tu humgusa kila mmoja kwa namna yake: anayejifukia hupata ahueni, na anayeogelea mchana kwenye tope ndiye anayebeba mzigo. Ukikata mikoko unamwumiza mmoja kwanza. Ukiburuza nyavu juu ya majani ya bahari unamwumiza mwingine. Takwimu ikiandikwa “kambamiti, kilo kadhaa”, ofisa hana namna ya kujua nani anapungua.

Na walipungua. Kenya ilisimamisha meli za kukokota nyavu katika Ghuba ya Ungwana mwaka 2006. Kuanzia 2008 Tanzania nayo ilisimamisha uvuvi wa kambamiti kwa meli baada ya mavuno kushuka. Kufunga ni rahisi. Ugumu ni kujua lini pa kufungulia, na swali hilo hujibiwa spishi kwa spishi, kwa kuwa kila moja ina majira yake ya kuzaa na mahali pake pa kukulia. Sheria za namna hiyo zinasimama juu ya Fabricius wa 1798, Milne Edwards wa 1837 na De Haan wa 1844, kama viwanja vya mji vinavyosimama juu ya mawe ya mpaka: hakuna anayemkumbuka mpima ardhi, ila jiwe likisogezwa kila hati ina mgogoro.

Tuseme na upande wa pili, maana waainishaji nao husogeza mawe. Mwaka 1997 Isabel Pérez Farfante, mzaliwa wa Cuba, na Brian Kensley, mtaalamu aliyetoka Afrika Kusini, walitoa kitabu kilichokubali kuigawa jenasi ya Penaeus vipande sita. Kambamiti wetu mweupe akaitwa Fenneropenaeus indicus. Wafugaji na watu wa magonjwa ya kamba walilalamika: majina waliyoyazoea kwa miongo yamebadilika katika usiku mmoja. Mwaka 2011 wataalamu wa Hong Kong na Taiwan, kwa kupima vinasaba, walikataa mgawanyo huo, na wengi wakarudi kwenye Penaeus. Mtafiti asiyejua mkasa huu akitafuta kwa jina moja tu, nusu ya elimu inampita. Kubadilika huko hakushushi hadhi ya kazi. Mabishano haya ndiyo uchunguzi wenyewe, na yanawezekana kwa sababu vielelezo vipo kwenye chupa na vinaweza kupimwa upya.

Ziwani na mlimani

Majina hutembea mbali na bahari. Katika Ziwa Victoria, sangara aliyeletwa miaka ya 1950 alikula furu mpaka wakaporomoka katika miaka ya 1980. Watu walijiuliza sangara atakula nini baada yao. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kamba mdogo wa ziwani, ambaye vitabu vilimwita Caridina nilotica, chakula kikuu cha sangara wachanga. Uchumi wa minofu iliyopaa kwenda Ulaya kutoka Mwanza, Kisumu na Entebbe ulipita kwa muda ndani ya tumbo lililojaa kamba wa sentimita mbili. Lakini jina hilo lilikuwa limebandikwa kila mahali, kutoka Mto Nile hadi mito ya pwani. Mwaka 2005 Jasmine Richard na Paul Clark walichunguza upya sampuli za Afrika Mashariki zilizohifadhiwa chini yake, na ndani ya kifungu kimoja wakatoa spishi mpya 8. Tangu hapo, anayeandika kwamba “Caridina nilotica huvumilia maji machafu” lazima aulizwe: yupi?

Tukirudi Usambara, binamu wa kamba ana ushuhuda mzito zaidi. Inzi mdogo mweusi aitwaye usubi huambukiza maradhi yanayowasha ngozi na hatimaye kupofusha macho, na Korogwe, Lushoto na Muheza zimo katika maeneo ya Tanga yaliyoteseka nayo. Kwa inzi wa kundi la Simulium neavei kulikuwa na fumbo: waliuma watu, ila mabuu wao hawakuonekana mtoni. Mwaka 1950 V. D. van Someren na J. P. McMahon, wakiwa Kenya, walitangaza jibu: mabuu huishi wamejishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Kuanzia hapo, anayetaka kupambana na usubi huu lazima amjue kaa. John Raybould, aliyefanya kazi Amani, Usambara Mashariki, alichapisha mwaka 1969 uchunguzi wake wa mabuu hao na kaa wanaowabeba. Mwaka 2004 Neil Cumberlidge na Marco Vannini walimwainisha kaa wa ajabu wa misitu ya Usambara na Shimba Hills, anayeishi ndani ya mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua. Wakamwita Potamonautes raybouldi. Daktari wa macho hatarejea makala ile. Lakini ramani ya kaa ni sehemu ya ramani ya upofu.

Nani atahesabu meno kesho?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la Zanzibar lilivunjika nayo. Warithi walizaliwa haraka: Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1978, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi mwaka 1979, TAFIRI mwaka 1980. Wamefanya kazi kubwa ya uvuvi, mikoko na matumbawe. Lakini uainishaji unataka vitu vitatu ambavyo bajeti ya mradi wa miaka mitatu haivipendi: ghala la sampuli linalotunzwa vizazi, maktaba ya maandishi ya kale, na mtu anayelipwa kukaa na kundi moja la viumbe miaka 20. Vielelezo vingi vya kwanza vya kamba wa pwani hii viko Ulaya. Picha za kidijitali na vinasaba vimepunguza umbali huo, lakini kipande cha kinasaba nacho hakina maana mpaka kilinganishwe na kamba ambaye mtu mwenye ujuzi alikwisha kumtambua.

Vyuo vyetu vinapopandisha watu vyeo, vinaweza kutumia kipimo cha haki kuliko tarakimu ya Hirsch. Chukua jina ambalo mtu huyu alilitoa au kulisahihisha, lifute, kisha uone nini kinaanguka. Je, kuna kanuni ya uvuvi inayopoteza maana? Kuna bei sokoni isiyoweza kutetewa, tathmini ya bwawa inayobaki na pengo, au ramani ya ugonjwa isiyosomeka? Kwa kamba wa miiba wa Zanzibar, huenda leo kisianguke kitu kikubwa. Kwa Penaeus indicus, usimamizi wote wa kambamiti wa nchi mbili utayumba. Wakati wa kutaja, hakuna ajuaye jina lipi litabeba mzigo gani. Milne Edwards hakuwaza meli za kukokota nyavu. Kwa hiyo nchi inayotaka majina yenye faida hulipia kazi ya kutaja yote, kisha inasubiri. Kamati ya vyeo ikiuliza tu makala imerejewa mara ngapi mwaka huu, itakuwa imeuliza swali ambalo hata Linnaeus angelifeli.